Simama Pale Pale: Kupiga Picha Moshi Inavyobadilika

Banda langu la picha liko hatua chache kutoka soko la Mbuyuni, Moshi. Kazi inayonilisha ni picha za pasipoti, vipaimara, harusi na misiba. Lakini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tangu Januari 2011, silifungui banda mpaka saa tatu asubuhi. Navuka reli, nasimama kwenye kona moja mbele ya ghala la zamani lenye lango la bluu, napiga picha moja, nazungukia kona zangu nyingine, kisha narudi kazini.

Vijana wenye kamera hunijia: "Mama Neema, tupeleke tukapige magofu ya viwanda." Nawapeleka, ila kwanza nawaambia ninachoamini. Picha moja ya gofu inaonyesha kutu, ukuta uliopasuka na mti ulioota juu ya paa. Inapendeza, na ingeweza kupigwa mji wowote duniani. Picha ya pili, iliyopigwa kutoka pale pale miaka mitano baadaye, ndiyo inayoanza kueleza habari za Moshi: nani kaondoka, nani kaingia, kimebomolewa nini na kimejengwa nini. Kwa hiyo haya ninayoandika ni maelekezo ya kurudi. Kupiga ni sehemu ndogo tu.

Kona tano zinatosha

Usichukue kona hamsini. Utachoka mwezi wa tatu. Chukua tano ambazo unaweza kuzizungukia kwa miguu asubuhi moja.

Mimi ningeanzia stesheni, na si kwa sababu ya uzuri wake. Mji huu wenyewe ulihama kwa ajili ya reli. Boma la Wajerumani lilikuwa juu kule Old Moshi, kwenye migomba. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, mji ukashuka ukajengwa huku chini, na maghala yakajipanga kufuata njia ya treni. Treni ya abiria ikaja kusimama miaka ya 1990. Kwa robo karne hivi majani yalimea katikati ya reli na watoto wakacheza humo, hadi Desemba 2019 abiria waliposhuka tena kutoka Dar es Salaam. Picha zangu za majani yale nilizipiga bila kujua kama zitakuwa na maana. Leo ndizo zinazoulizwa kuliko zote.

Kona ya pili iwe ya kahawa. Mji huu ulijengwa na kahawa: kiwanda cha kukobolea kilichoanza 1920, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoundwa 1933, mnada, Bodi ya Kahawa, Chuo cha Ushirika cha 1963. Ukitembea ukiwa na hizo tarehe kichwani utaelewa kwa nini maghala ni makubwa kuliko shughuli zilizomo sasa. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976 vikarudishwa 1984, kisha mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nao wakaja na mashine zao. Gunia lililokuwa likipita mlango mmoja likaanza kupita milango mingi. Hayo yote yanaonekana ukutani ukijua pa kuangalia: mlango wa kupakulia uliojengewa matofali, jina la zamani linalotokeza chini ya rangi mpya, jukwaa la kushushia mizigo lililogeuzwa baraza la mama ntilie.

Ya tatu iwe lango la kiwanda. Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha magunia, na nilipokuwa mdogo nilimsubiri getini jioni akitoka na nyuzi zimemganda kwenye kilemba. Lango ndilo mahali watu wa kiwanda walipoonekana wote kwa pamoja. Hata kiwanda kikinyamaza, lango huendelea kuwa na mtu: mlinzi, muuza karanga, kijiwe cha bodaboda. Wenzetu wa Arusha wana mtaa mzima, Unga Limited, uliobeba jina la kiwanda cha kusaga unga. Wanaoishi humo sasa wana shughuli zao nyingine kabisa, na jina limebaki.

Ya nne, chukua mtaa wa maduka. Mimi ninayo sehemu ya Barabara ya Mawenzi, yenye zile nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, roshani juu na duka chini, nyingine zikiwa na mwaka uliochorwa kwenye paji la nyumba. Hizi huondoka kimyakimya. Leo kuna duka la vitambaa, kesho kuna uzio wa mabati, mwaka ujao kuna ghorofa la vioo.

Ya tano ndiyo ngumu kuwashawishi watu: chagua mahali ambapo hakuna kinachotokea. Yadi tupu, kiwanja chenye nyasi, ukuta mrefu usio na dirisha. Picha ya "kabla" haipigwi siku ukuta umeshachorwa X nyekundu ya kubomolewa. Siku hiyo utapiga wasiwasi wa watu, nao ni wa kupiga, lakini maisha ya kawaida yaliyokuwepo umeshayakosa.

Dalili zipo kabla ya X. Wapima ardhi na chombo chao cha miguu mitatu. Lori la kokoto lililomwaga mzigo pasipo na ujenzi. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliyehamishia mizani yake karibu na geti. Ukiona hivyo, ongeza safari, nenda kila wiki. Na bango la mradi likisimamishwa, lipige peke yake, herufi zisomeke: lina jina la mwenye kazi, mkandarasi, mshauri na muda wa mradi. Nguzo za stendi mpya ya mabasi ya Ngangamfumuni zilipoanza kuota, nilipiga nguzo miezi mitatu kabla ya kukumbuka kupiga bango.

Kusimama pale pale

Hapa ndipo wengi hukosea. Nao hukosea kwa sababu wanadhani macho yanakumbuka. Macho hayakumbuki, yanakumbuka jengo tu, hayakumbuki ulisimama wapi.

Simama unapotaka, kisha tafuta vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja mbele yako, kimoja cha karibu na kingine cha mbali. Kwangu ilikuwa nguzo ya zege ya lango: ukingo wake wa kushoto uligusa pembe ya paa la nyumba iliyo nyuma. Nikisogea hatua moja kulia, nguzo inaifunika pembe. Nikisogea kushoto, nafasi inafunguka kati yao. Mstari mmoja hautoshi, maana unaweza kwenda mbele au kurudi nyuma juu ya mstari huo huo usijue. Tafuta wa pili upande mwingine wa picha. Mistari miwili inapokutana, ndipo miguu yako ilipo, na kosa lake halizidi upana wa kiatu.

Weka na mistari ya akiba. Nguzo yangu ya zege iling'olewa mwaka 2017 lango lilipopanuliwa kwa ajili ya malori, na kama nisingekuwa nimeandika kwamba kona yangu iko hatua kumi na nne kutoka ukingo wa kalavati, ningekuwa nimeipoteza. Kalavati ni rafiki mzuri. Hali kadhalika mawe ya mipaka na mitaro ya zamani ya mawe. Usitegemee mti, usitegemee nguzo ya mbao ya umeme, na usitegemee rangi.

Kimo nacho kina kazi. Nimefunga kamba ya katani kwenye miguu ya kamera, ina fundo kwenye mita moja na nusu. Fundo likigusa ardhi najua niko sawa. Lenzi iwe moja siku zote, yangu ni ya milimita 35. Kwa simu tumia ile kamera kuu, yenye alama ya 1x, wala usivute picha kwa vidole. Ukisahau lenzi, bado una njia: picha ya lenzi pana ukiikata kingo utapata mwonekano ule ule wa lenzi inayoona eneo dogo. Lakini ukisogea mita mbili, hakuna programu itakayokurudisha pale.

Kamera iwe sawasawa, isiinamishwe juu, kuta zisije zikalala. Halafu acha anga. Nakuomba sana, acha anga. Mwaka 2011 nilikata picha yangu karibu kabisa na paa la ghala kwa sababu ilipendeza hivyo. Nyuma yake kukaota jengo, na kufikia mwaka 2019 ghorofa ya nne ilikuwa imetoka nje ya picha. Sikuweza kurudi nyuma kwa sababu nyuma yangu kuna mtaro. Tangu hapo kila kona mpya naipa theluthi moja ya anga, na wanafunzi wangu wakilalamika kwamba picha ina utupu, nawaambia huo utupu ni akiba.

Ukiwa na picha ya zamani na unataka kujua mpiga picha alisimama wapi, fanya kazi ile ile kinyumenyume: tafuta kitu cha karibu kinachogusa cha mbali, nenda mtaani, tembea mpaka viguse tena. Kujua kimo, angalia vichwa vya watu. Kwenye ardhi tambarare, kama vichwa vya walio karibu na walio mbali viko kwenye mstari mmoja, kamera ilikuwa usawa wa macho. Kama vichwa vya walio mbali viko juu zaidi kwenye picha kuliko vya walio karibu, mpiga picha alikuwa ameinuka, pengine roshani, pengine juu ya lori. Mzee mmoja aliniletea picha ya baba yake mbele ya duka, na kwa vichwa tu tuligundua ilipigwa kutoka ghorofani ng'ambo ya barabara. Tuliomba tukapanda. Dirisha lile bado lipo.

Picha za zamani zaidi utazipata kwanza kwenye sanduku la bibi yako, kabla ya mahali pengine popote. Baada ya hapo kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kuna za wakati wa Mjerumani zilizowekwa kwenye intaneti: hifadhi ya picha za kikoloni ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na kazi za Walther Dobbertin, aliyekuwa akipiga picha katika koloni hili kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zitazame ukijua aliyeshika kamera alikuwa upande gani. Wenyeji wengi humo hawana majina.

Jua, mawingu na Mlima

Moshi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu hubadilisha upande. Mwezi wa sita saa sita mchana linakuwa kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili linakuwa kusini. Karibu na tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya utosi na kivuli kinaingia chini ya miguu. Ukuta unaotazama kusini ambao Juni ulikuwa gizani mchana kutwa, Desemba unawaka. Ndiyo maana picha ya Januari linganisha na ya Januari. Ukilinganisha ya Januari na ya Julai utadhani ukuta umepakwa rangi, kumbe jua limehama tu.

Saa nzuri ni saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi. Baada ya hapo mawingu huanza kuufunika Mlima Kilimanjaro, na siku nyingi hauonekani tena hadi jioni. Januari na Februari ndizo zenye anga safi, na ukisimama kusini mwa reli ukatazama mjini, jua la miezi hiyo halikupigi machoni. Juni mpaka Agosti hapa kwetu ni wingu na baridi. Mwanga huo wa kijivu ni mzuri kwa kuta, kwa herufi zilizofutika na kwa nyuso za watu. Masika usikae ndani. Maji ndiyo yanayokuonyesha mitaro ya zamani ilipita wapi na nani sasa kajenga juu yake.

Kuhusu Mlima: mita 5,895 za theluji na mawe zikiingia kwenye picha, hakuna atakayeangalia kiwanda. Naupenda Mlima, nimezaliwa chini yake. Lakini kati ya kona zangu tano, ni moja tu inayouonyesha.

Geti lina mwenyewe

Mwaka 2013 nilisimama mbele ya uzio wa ofisi moja, sikusalimia mtu, nikaanza kufunga kamera kwenye miguu yake. Nilikalishwa ndani mpaka alasiri na nikafutishwa picha zote za asubuhi ile. Agosti 2013 haipo kwenye mfululizo wangu. Iliniuma, bado inaniuma, na ilinifundisha kuanza na watu.

Sasa hivi nikichagua kona mpya naanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Najitambulisha, naonyesha picha nilizokwisha kupiga kwingine, namwambia nitakuwa narudi kila mwezi. Kisha naenda getini bila kamera. Mara ya kwanza huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Una shida gani?"

"Sina shida mzee wangu. Mimi ni mpiga picha wa pale Mbuyuni. Nataka kupiga ukuta huu kila mwezi, tuone unavyobadilika. Nimekuja kukuomba."

"Ukuta? Ukuta una nini?"

Hapo ndipo kamera halisi inapofunguka, maana mzee akishauliza ukuta una nini, anaanza kunijibu yeye mwenyewe. Ananiambia king'ora kililia saa ngapi, zamu ilitoka mlango upi, mti ule ulipandwa na msimamizi gani. Nasikiliza, naandika. Wiki inayofuata narudi na kamera.

Stesheni, madaraja, vituo vya polisi na kambi usipige bila kuomba. Ndege isiyo na rubani usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kumbuka uso wa mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kwangu hilo halikubadilisha kitu kikubwa. Anayesema hapana, hapana yake inatosha, hata kama mwanga ulikuwa wa ajabu.

Piga kazi inayofanyika sasa kwa heshima ile ile unayoipa kazi iliyokufa. Ghala langu la lango la bluu lilikaa kimya miaka minne, kisha wakaingia mafundi wa kuchomelea madirisha, kisha likakatwa fremu kumi na mbili za maduka kwa mbele, na sasa kuna mama anayeuza mitumba aliyotoa soko la Memorial mahali ambapo mzani wa kahawa ulisimama. Wapo wanaoona fremu zile zimeharibu jengo. Mimi siwezi kusema hivyo. Watoto kadhaa wanasomeshwa na fremu zile. Ninachosikitikia ni mzani, uliouzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na sikuwahi kuupiga kwa karibu.

Ukiruhusiwa kuingia ndani ya jengo lililoachwa, nenda na mtu mwingine, vaa viatu vigumu, na simama kwanza usikilize: nyuki hupenda mapaa yale. Mapaa mengi ya zamani ni ya asbesto. Usivunje kipande, usifagie vumbi lake ili picha ipendeze. Sakafu zina mashimo ya mashine zilizong'olewa. Mwanga uko juu, kwenye vioo vya paa, kwa hiyo weka kamera kwenye miguu yake, upenyo wa lenzi uwe f/8, na uache shata wazi hata sekunde mbili. Usitumie flashi.

Ukirudi nyumbani

Faili lipe jina siku hiyo hiyo: mwaka, mwezi, siku, namba ya kona. Mimi naandika 20110101-kona1, na ndivyo zinavyojipanga zenyewe. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya nyumba yako. Yangu iko kwa dada yangu Marangu. Mvua ikiingia bandani, Marangu hakuna banda langu.

Daftari lina thamani sawa na picha. Andika ulichokiona katika mstari mmoja na ulichoambiwa katika mstari mwingine, usivichanganye. "Lango limepakwa kijani" nimeona. "Lango lilipakwa kijani kwa sababu mwenye mali amebadilika" nimeambiwa, na nani, lini. Miaka kumi ikipita utasahau kipi kilikuwa kipi, na msomaji wako atakuwa anakutegemea.

Kila Desemba nachapisha picha kumi na mbili za kila kona, saizi ya postikadi, seti mbili. Seti moja inabaki kwangu. Nyingine napeleka getini, kwa mwenyekiti, kwa mama wa mitumba. Nyuma ya picha naandika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya na hugandamana na picha ya chini yake. Naandika tarehe, mwezi, mwaka, hatua kumi na nne kutoka kalavati, mita moja na nusu, milimita 35, kutazama kaskazini, na jina la yule aliyekuwa getini asubuhi ile, kama ameniruhusu kuliandika.